Mwenzake Nundu

Watu wengine wakiomba kazi huulizwa vyeti. Dobi aliulizwa samaki.

Aliingia nyumba ile asubuhi, begi moja mkononi, miguuni viatu vya heshima vilivyokuwa vikimbana, akamkuta bibi mmoja mrefu amekaa kwenye kiti cha mbao, mgongo haugusi kiti. Shikamoo yake ikaitikiwa, lakini kukaa hakuambiwa. Nyuma ya yule bibi, upande mzima wa sebule ulikuwa maji. Lilikuwa tangi la kioo, refu kama kitanda cha watu wawili, juu yake taa ya kijani, chini yake pampu ya hewa inayonguruma kama mtu anayesinzia, na ndani yake samaki mmoja tu. Alikuwa mkubwa kuliko kandambili ya mwanamume, rangi ya majivu, ubavuni ana madoa mekundu, na kwenye paji ana nundu kama aliyejigonga mlangoni. Hakuwa akimtazama bibi. Alikuwa akimtazama Dobi.

"Huyo ni Nundu," bibi akasema. "Ni jamii ya sato, lakini usimtazame kwa jicho la sufuria. Hela hiyo hapo mezani. Nenda kwa muuza samaki wa mapambo, umchagulie mwenzake. Mwenzake akivuka mwezi, na wewe umevuka. Akifa, chukua begi lako."

"Na kazi yenyewe, Bibi? Kupika, kufua..."

"Kupika na kufua kila mtu anajua. Kuishi na mwenziwe ndiko watu hawajui. Na mtu anaweza kujifanya, samaki hawezi. Nikiona umemletea nini Nundu, nitajua umekuja kuishi na mimi vipi."

Bibi huyo mtaa mzima ulimwita Bibi Afya. Zamani alikuwa mkaguzi wa afya, yule anayeingia hotelini bila hodi, akapitisha kidole juu ya kabati, akanusa kitambaa cha kufutia meza, na jioni hoteli ikafungwa. Wapishi walikuwa wakisikia viatu vyake tu wanaanza kutoka jasho. Baadaye alistaafu, ila kidole hakikustaafu. Mumewe alishafariki, na wanawe wawili wa kiume walikuwa na nyumba zao na wake zao. Kila walipotaka kumletea mtu wa kukaa naye aliwaambia hana haja, yeye hajawa mzee wa kuchungwa. Ukweli ni kwamba alikuwa ameanza kuanguka bafuni. Kwa hiyo watu aliwatafuta mwenyewe, kichinichini, kupitia kwa mshonaji wa mtaa wa pili, na wanawe hakuwaambia neno.

Kabla ya Dobi walipita watatu. Mshonaji alimsimulia habari zao njiani huku akicheka, na kwa nini asicheke, si yeye aliyekuwa anakwenda kulala huko. Wa kwanza alikuwa msichana wa maneno mengi, akanunua visamaki vinavyometameta, kundi zima. Kufika mchana tangi lilibaki na Nundu peke yake, ameshiba, na msichana akakabidhiwa begi lake mlangoni. Wa pili alikuwa mrembo wa kujipenda, akachagua samaki mwenye mapezi marefu kama shela. Huyo Nundu hakumla, alimnyonyoa, pezi moja kila siku, mpaka akabaki kama kijiti. Wa tatu alikuwa mbishi, mwanamke wa shoka, akasema dawa ya moto ni moto, akaleta samaki wa jamii ileile na ukubwa uleule. Walipigana hadi maji yakawa tope. Asubuhi yule mgeni alikutwa anaelea ubavu, na Mbishi aliondoka bila hata kuchukua sufuria yake. Mshonaji alisema mpaka leo Mbishi hapiti mtaa ule, akiwa na safari anazunguka.

"Lakini wewe utaweza," mshonaji akamwambia Dobi. "Wewe huna makuu."

Ni kweli, hakuwa na makuu, na angeyatoa wapi? Alibaki yatima mapema, akalelewa kwa baba yake mdogo, akilala jikoni. Alipoolewa aliingia nyumba ya mama mkwe, akapewa chumba ambacho mawifi walikipita katikati kila walipokwenda uani. Mume alipofariki akarudi kwa kaka yake, na wifi akampokea kwa mikono miwili, siku mbili. Ya tatu, wahenga walishasema, ni jembe. Miaka yote hiyo kazi yake ilikuwa kupiga pasi hotelini, katika chumba cha chini kisicho na dirisha, akinyoosha shuka za watu ambao hakuwahi kuwaona sura. Ndiyo maana wakamwita Dobi, na jina likamganda. Alikuwa hodari. Shuka ikitoka mkononi mwake haikuwa na kunjo hata moja, na mgeni akijilaza juu yake hakujua kama kuna mtu aliyewahi kuigusa. Kisha hoteli ikaleta mashine, na Dobi akaambiwa ahsante.

Alikuwa na binti mmoja. Binti alikuwa akisomea unesi, analala bwenini, na likizo zake analala kwa shangazi kwa sababu mama yake hakuwa na pa kumlaza. Hilo lilimuuma Dobi kuliko njaa. Alichokitaka duniani kilikuwa mlango mmoja wa kufunga na kufungua yeye na mwanawe, ndani yake wakohoe bila kuomba ruhusa. Siku binti atakapomaliza masomo wangeupata mlango huo, waliahidiana. Mpaka siku hiyo Dobi alihitaji pa kujishikiza, na kwa kaka hapakuwa pake tena, maana alipotoka tu wifi aliweka kuku kwenye kona aliyokuwa akilala.

Kwa hiyo alikwenda dukani kuchagua samaki kama mtu anayechagua jaji wa kesi yake.

Muuza samaki alikuwa mnene, mcheshi, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko. Alikuwa akifunga mfuko wa plastiki uliojaa maji na hewa, na aliposikia jina la Nundu akauacha.

"Kumbe yule jambazi bado yuko hai! Mama, mimi nikimuuzia yule bibi samaki najiona kama napeleka chakula gerezani. Nenda kanunue dagaa wa kukaanga, tusizungushane bure."

Dobi hakucheka. "Nataka atakayeishi," akasema.

Muuza samaki akamtazama, akafuta mikono kwenye aproni. Alipofungua tena mdomo mzaha ulikuwa umemtoka. "Basi sikiliza. Watu wanasema samaki wa aina ile ana roho mbaya. Hana roho mbaya, ana roho ya mwenye nyumba. Mwenzake asiwe wa kutosha mdomoni, maana kinachotosha mdomoni kwake ni chakula. Asifanane naye pia, atadhani anataka kiti chake. Kubwa zaidi, asikae kwenye maji yake. Juu ni kwake, katikati ni kwake. Chini kabisa, kwenye uchafu, huko hana habari nako."

Akampeleka nyuma, kwenye tangi lililokuwa na magogo mawili na maji matupu.

"Humu hamna kitu," Dobi akasema.

"Ndivyo anavyotaka ufikiri."

Akaingiza mkono, akainua gogo. Chini yake palikuwa na kitu kimegandamana na mti, kahawia, kichwa bapa, ngozi ngumu kama gome, mdomo uko tumboni badala ya kuwa usoni. Hakikutapatapa. Kilisogea kidogo upande wenye kivuli, kikatulia.

"Mlamba kioo. Anakula ukoga na makombo yanayoanguka. Ukimng'ata unaumia mwenyewe. Taa ikiwaka yuko mvunguni, taa ikizimwa ndiyo anatoka."

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," Dobi akasema polepole.

"Huyu hakuinama, mama. Huyu alihamia huko huko." Muuza samaki akacheka peke yake.

"Na Nundu atamkubali?"

"Hatamkubali. Hatajua kama yupo. Siku akijua, usije kunidai." Alipomfungia mfuko akamwongezea gogo moja na maagizo: azime taa, ahamishe mawe yote ya tangini kabla ya kumwachia mgeni, ili Nundu akute kwake kumebadilika naye ajione mgeni. Wenyeji wakivurugwa kidogo, alisema, huwa na adabu.

Bibi Afya alisikiliza maagizo hayo mpaka mwisho, kisha akasema hapana. "Humu ndani hakihamishwi kitu. Mgeni ndiye anayejipanga."

Basi gogo likawekwa pembeni kabisa, nyuma ya bomba la kichujio, na mlamba kioo akateremka kutoka mfukoni moja kwa moja mpaka chini, kama jiwe. Nundu alikuja mbio. Alizunguka, akapiga mkia, akarusha kokoto kwa mdomo, akakigonga kioo kwa kile kichwa chake hadi maji yakamwagika. Dobi alisimama nyuma ya kiti cha Bibi Afya. Alikuwa akimwombea kiumbe asiyemjua kwa maneno ambayo hakuwahi kujiombea mwenyewe.

Asubuhi hakukuwa na kitu kinachoelea. Hakukuwa na kitu kabisa. Dobi alichungulia huku na huku, akaona mawe, gogo, na jicho la Nundu.

"Yupo?" Bibi Afya akauliza.

"Sijui, Bibi."

Na hapo, kwa mara ya kwanza, Bibi Afya akatabasamu.

Dobi alikuja kumjua yule mgeni wa tangini kwa sauti. Jioni, taa ya tangi ilipozimwa, Dobi akiwa jikoni alisikia mkwaruzo wa taratibu, kama mtu aliye chumba cha pili akiramba sahani. Alinyata hadi sebuleni. Gizani, chini kabisa ya kioo, mdomo mweupe wa duara ulikuwa umebandikwa, unafunguka na kufumba, unafunguka na kufumba, na nyuma ya mdomo huo hakuna umbo lililoonekana. Mtu mwingine angepiga kelele. Dobi alikaa sakafuni akalia kwa furaha, amejiziba kinywa kwa mkono ili Bibi asisikie.

Mwezi ukapita. Bibi Afya hakusema hongera, alisema tu: "Chumba chako ni kile cha nyuma ya jiko." Dobi alimpigia simu binti yake, wakacheka, wakapanga watakavyopaka rangi nyumba ambayo bado hawajaiona. Binti alitaka njano. Dobi alisema njano inachafuka.

Sasa hapa ndipo watu wanaposema yule mwanamke alirogwa. Mimi sisemi hivyo. Alijifunza, basi, na mtu akijifunza kitu kinachompa kula, haachi katikati.

Bibi Afya hakuwa mtu wa kugomba. Alikuwa akiinua kidole tu. Dobi akikohoa, kidole. Kijiko kikigonga sufuria, kidole. Viatu vikisikika sakafuni, kidole, na jicho lake linasogea taratibu kuelekea kwenye begi lililokuwa juu ya kabati. Dobi akavua viatu. Akagundua kwamba katikati ya sebule sakafu inalia, kandokando hailii, akaanza kutembea akiambaa na ukuta. Alipika Bibi akiwa amelala, akafagia Bibi akiwa bafuni, akala Bibi akishamaliza. Mwanzoni alijipakulia sahani yake. Baadaye aliona sahani mbili zina kelele kuliko moja, akawa anakula kilichobaki kwenye ile ya Bibi, amesimama, kwa mkono. Simu nayo ilikuwa na mlio. Akaiondolea mlio, lakini ikatetemeka juu ya meza. Akaizima kwa siku ile tu, akaitia chini ya nguo kwenye begi, na siku ile ikawa na wenzake.

Bibi Afya alinawiri. Hakuanguka tena bafuni, kwa sababu kabla mguu haujateleza palikuwa na bega la kushika, na baada ya kushika hapakuwa na mtu wa kushukuriwa. "Nyumba hii imetulia," alikuwa akimwambia Nundu. "Sijui nilikuwa nasumbuka nini." Nundu alifungua mdomo, akafumba. Wawili hao walikuwa wakikaa uso kwa uso alasiri nzima, na ukiwatazama kwa ubavu usingejua ni nani anayemfuga mwenzake.

Nikwambie pia kwamba Dobi aliona fahari. Katika nyumba zote alizowahi kujibana, hii ndiyo ya kwanza ambayo hakuna aliyemwambia amezidi.

Wanawe Bibi walikuja mwisho wa wiki moja. Gari liliposimama nje, Bibi Afya alisema, "Sogea." Dobi akasogea. Kwenye ujia wa kwenda jikoni palikuwa na kabati kubwa, na kati ya kabati na ukuta palikuwa na nafasi ya mifagio, imefunikwa kwa pazia. Akajipenyeza humo. Aliwasikia wakiuliza, "Nani anakusaidia, mama? Nyumba inang'aa," na Bibi akijibu, "Hapa hakuna mtu." Dobi alicheka kimoyomoyo kama mtoto aliyejificha kwenye mchezo wa kibemasa. Mara ya pili hakucheka. Baada ya hapo hakuhitaji kuambiwa. Kengele ya mlango ikilia, yumo. Na siku moja alijikuta yumo, mikono imenyooka ubavuni, mgongo umekaza ukutani, na kengele haikuwa imelia. Hakukumbuka ametembeaje kufika pale. Alisimama akijiuliza atoke au asitoke, na ndipo kengele ikalia.

Alipokwenda gengeni, muuza nyanya aliwahudumia watu waliokuja nyuma yake. "Mimi nilitangulia," Dobi akasema. Muuza nyanya akatazama kulia, akatazama kushoto, akaendelea kupima. Ikabidi amshike mkono, na yule mtu akaruka kama aliyemwagiwa maji.

"Mama, umetokea wapi? Utaniua kwa mshtuko!"

Alirudi nyumbani ana wasiwasi, akasimama mbele ya tangi. Siku za mwanzo Nundu alikuwa akimfuata kila anapokwenda, jicho kwa jicho, tangu kona hii hadi ile. Sasa Dobi alipita mbele ya kioo kwenda na kurudi, na Nundu hakugeuka. Akaweka kiganja chote kwenye kioo, mbele kabisa ya ile nundu. Lile jicho lilimpita, likatazama ukuta ulio nyuma yake. Dobi aliogopa siku hiyo, woga wa kweli. Akataka kumpigia binti yake ili tu asikie mtu akimwita mama. Simu haikuwaka. Chaji ilikuwa imekwisha, na waya wa chaja ulikuwa chumbani kwa Bibi, na Bibi alikuwa amelala.

Akaona walau amtazame mwenzake. Alikuwa hajamwona yule mlamba kioo mzima mzima tangu siku aliyomleta, na hata ule mdomo haukubandikwa tena kwenye kioo, alikuwa akisikia mkwaruzo tu. Akakunja mkono wa gauni, akaingiza mkono kwenye maji ya vuguvugu, akainua gogo.

Gogo lilikuwa zito. Lilikuwa na uvungu wa ndani, kama mtungi uliolazwa, na ndani ya uvungu huo samaki alikuwa amenenepa. Alikuwa amekua akalifuata umbo la uvungu, mgongo umepinda ulipopinda mti, ubavu umebonyea palipokuwa na kifundo, na tundu alilokuwa akiingilia sasa lilikuwa dogo kuliko kichwa chake. Alikuwa akila gogo lenyewe kwa ndani. Huo ndio ulikuwa mkwaruzo. Dobi alipenyeza kidole kujaribu kumvuta. Samaki hakutaka kutoka. Alishikilia mti kwa mdomo wake, akajikaza, akageuza jicho moja dogo upande wenye giza.

"Nitaleta msumeno nikupasulie," Dobi akamnong'oneza. Akalirudisha gogo pale pale, maana humo ndani hakihamishwi kitu, na msumeno hakuuleta.

Binti alikuja alasiri moja ya jua kali.

Dobi alikuwa amekwisha kuingia nyuma ya pazia kengele ilipolia. Alisikia Bibi Afya akiburuta fimbo yake, akasikia komeo, kisha sauti ambayo angeitambua hata akiwa kaburini.

"Shikamoo, Bibi. Samahani kukusumbua. Namtafuta mama yangu. Aliniambia anafanya kazi hapa."

"Hapa hakuna mtu."

"Mwanamke mfupi hivi, mpole. Wanamwita Dobi. Simu yake haipatikani siku nyingi sana, Bibi, nimehangaika mpaka kwa mjomba." Sauti ikataka kukatika, ikajizuia. "Nimemaliza chuo. Nimeajiriwa, na nyumba nimepata, ina chumba na sebule. Nimekuja kumchukua."

Furaha ilimpanda Dobi kutoka miguuni, ikamjaa kifuani, ikafika kooni. *Mwanangu!* alisema. Alidhani amesema. Midomo ilifunguka na kufumba, na sauti haikutoka. Akauambia mguu utangulie, na mguu ukarudi nyuma, mpaka kisigino kikagusa ukuta. Akajiambia, ngoja kwanza, nikitoka sasa Bibi ataonekana mwongo. Akajiambia, nikimwaibisha nitapoteza mahali pangu. Alijua kabisa kuwa hayo ni mawazo ya kijinga. Alijua mahali pake pamesimama mlangoni pamevaa viatu vya nesi. Alijua yote hayo vizuri, na bado mgongo wake ulizidi kujikaza ukutani.

"Alikuwapo mmoja," Bibi Afya akasema. "Aliondoka."

"Alikwenda wapi?"

"Watu siku hizi hawaagi."

"Naomba niingie niangalie tu, Bibi. Kitanda alicholalia, chochote. Nitatoka sasa hivi."

Nyayo ziliingia. Zilipita katikati ya sebule, sakafu ikalia, na Dobi akakunja uso kwa kelele ile, maskini, kelele za mwanawe mwenyewe zilimkera. Zikasimama mbele ya tangi.

"Samaki wako yuko peke yake?" binti akauliza, kwa adabu, kama mtu anayetafuta la kusema ili asilie.

"Peke yake."

Nyayo zikaingia ujiani. Binti alifika hadi jikoni, akarudi, akasimama kwenye kabati. Harufu ya sabuni ya hospitali ilipenya pazia. Pazia lenyewe lilitikiswa na upepo wa nguo zake. Kama Dobi angenyoosha mkono tu, si hata kusema, angemgusa begani.

"Mama?" binti akasema. Hakusema kwa Bibi Afya. Alisema chini chini, kwa ukuta, kwa hewa, kama mtoto anayeamka gizani na hana hakika kama mzazi wake yuko chumbani.

Dobi aliziba pumzi. Aliiziba kwa ustadi, pua haikutetemeka, pazia halikucheza, hata ufagio uliomwegemea haukusogea. Hakuna mtu ambaye angeweza kuifanya kazi ile vizuri kuliko alivyoifanya yeye.

Nyayo zikaondoka. Mlango ukafungwa, komeo likarudishwa, na baada ya muda geti nalo likalia.

"Ameshaondoka," Bibi Afya akasema kutoka kwenye kiti chake, kwa upole ambao hakuwahi kuutoa kabla. "Toka ule."

Dobi akatoka. Akaambaa na ukuta hadi jikoni, akala makombo ya mchana akiwa amesimama, akaiosha sahani bila kuigonga, akaifuta, akairudisha kabatini. Ni pale aliponing'iniza kitambaa msumarini ndipo likamfikia moyoni, lote kwa mara moja, kwamba yule alikuwa mwanawe, na kwamba hatarudi tena kumtafuta katika nyumba ambayo ameikagua kwa macho yake akakuta haina mtu. Akashika ukingo wa karo. Akataka kukimbia hadi getini na kumwita kwa sauti ambayo mtaa mzima ungeisikia.

Lakini Bibi Afya alikuwa ameanza kusinzia, na Dobi hakutaka kumwamsha.